Skuta Iliyoambiwa Panda

Fundi alifika saa tatu na dakika kumi asubuhi, akaweka begi la zana kwenye ngazi ya kwanza, akakunja suruali magotini na kuuliza swali ambalo humuuliza kila mteja.

"Umeizima ukaiwasha tena?"

"Mara nne," alisema Mama Mizani.

"Jaribu tena."

Ndiyo sababu anaitwa Fundi Jaribu Tena. Jina alilopewa na wazazi analo, lakini hata mkewe hulitumia akiwa na hasira tu.

Mama Mizani akazungusha ufunguo kwa mara ya tano. Taa ya mbele iliwaka. Mshale wa betri ulisimama kwenye kijani. Honi ililia, tena kwa sauti ya kujiamini. Alipobonyeza mpini wa kwenda mbele, skuta ilinguruma kidogo kama mtu anayeamshwa kwa ajili ya wageni, kisha ikanyamaza. Haikusogea hata inchi.

Skuta ilikuwa nyekundu, ya magurudumu manne, na ilikuwa imesimama chini ya ngazi za jengo la ofisi, pale ambapo kigae kimoja kilibanduka zamani na hakuna aliyekikumbuka. Haikuwa mali ya Mama Mizani. Ilikuwa ya mpango wa vifaa, ambao huazima skuta kwa mtu yeyote mwenye kitambulisho cha ulemavu. Kitambulisho hicho hudumu miaka miwili. Ikiisha, mwenye nacho hutakiwa kwenda ofisini ili ithibitishwe kwamba mguu haujarudi.

Mguu wa kushoto wa Mama Mizani ulikatwa juu ya goti miaka kumi na mmoja iliyopita, na katika muda huo wote haukuwahi kuonyesha nia ya kurudi. Kitambulisho chake kilikuwa kinaisha tarehe thelathini. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, tarehe sita. Tarehe thelathini ikipita bila mhuri, mpango ungekuja kuchukua skuta yao, naye angebaki na magongo. Kwa magongo, kutoka nyumbani kwake hadi zahanati ni mwendo wa saa moja na nusu. Zahanati inafunguliwa saa mbili kamili, na mizani ya watoto hupewa mhudumu wa kwanza kufika. Yeye ameishika mizani hiyo miaka ishirini na miwili. Nusu ya watu wa mtaa ule aliwahi kuwaona wakining'inia mbele yake bila nguo, na akitaka kumnyamazisha mtu mzima kwenye foleni ya maji, humtajia kilo zake tu.

Ofisi ya vitambulisho vya ulemavu iko ghorofa ya tatu. Jengo halina lifti. Lina nafasi ya lifti, ambamo huwekwa mafagio.

"Ilianza lini?" aliuliza Fundi.

"Ijumaa. Jumatano nilikuja, Alhamisi nikaja, Ijumaa nikaja. Ijumaa ndiyo ikagoma kuondoka."

"Na ulipokuja uliambiwaje?"

Mama Mizani alielekeza kidevu kwa mlinzi, aliyekuwa kwenye kibanda chake akipiga kiatu kimoja rangi. Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sentensi moja, nadhani alipewa pamoja na sare, na alimpa kila aliyeuliza njia: "Panda tu, ghorofa ya tatu." Mama Mizani aliambiwa hivyo siku zote tatu, akiwa ameketi kwenye skuta, magongo yamefungwa nyuma kama bendera za msafara.

Alhamisi wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alipanda kwa niaba yake. Karani alimsikiliza vizuri, kisha akasema mwenyewe ahudhurie.

"Mwenyewe yuko chini," Wifi alisema. "Chungulia dirishani umwone."

Karani alichungulia, akampungia Mama Mizani mkono kwa adabu, kisha akaeleza kwamba kuhudhuria ni huku juu.

Basi Fundi akaanza kazi. Aliangalia betri, zilikuwa nzima. Akabonyeza kile kitufe cheusi chini ya kiti ambacho hujirusha nje mzigo ukizidi, kilikuwa mahali pake. Akaangalia mpini mdogo wa manjano wa nyuma unaoachia magurudumu ili skuta isukumwe kwa mkono, maana wateja saba kati ya kumi humwita kwa sababu ya mpini huo tu, wameugusa wakifuta vumbi. Nao ulikuwa sawa. Akahakikisha kiti kimelia "tak" na kujifunga, kwa kuwa kiti kikikaa upande skuta haiendi, inadhani mtu anashuka. Kisha akalala kifudifudi kwenye sakafu, akamulika chini kwa simu.

Alikaa huko kitambo.

"Mama," alisema, "imeota."

"Imeota nini tena?" Wifi, aliyekuwa amemsindikiza, alidakia. "Ndoto gani hiyo mchana kweupe?"

"Mizizi."

Wifi aliinama kutazama. Kutoka kwenye kila gurudumu ilikuwa imeshuka mizizi minene, myeusi kama mpira, imeingia pale palipobanduka kigae na kupotelea chini ya ngazi. Mmoja ulikuwa umechunika, na ndani yake kulikuwa na waya wa shaba.

"Na alikuwa mzima kabisa," alisema Wifi, kama anayezungumzia jirani.

Fundi akajifuta magoti. Hakuwa mgeni wa mambo haya. Alieleza kwamba skuta hizi zilitengenezwa mbali, kwa lugha ya huko, na Kiswahili zinakisikia ukubwani. Zikiambiwa neno lenye maana mbili tatu, zinachukua iliyo karibu. Mwaka juzi alitengeneza skuta ya mwalimu mstaafu iliyoambiwa "kaa hapo" nje ya benki. Mwalimu aliporudi aliikuta inatembea upandeupande kama kaa wa ufukweni, na mpaka leo mwalimu huyo akienda sokoni lazima atazame upande mwingine ndipo afike.

"Hii imeambiwa panda," alisema Fundi. "Mara tatu. Ikaona hapa pana udongo, ikajipanda."

Mlinzi alisikia, akaweka kiatu chini. "Mimi nilimaanisha ngazi."

"Ungesema paa," alisema Mama Mizani.

"Ningesema paa, ingeondoka na wewe hewani."

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Kuing'oa haikuwezekana. Fundi alisema akikata mizizi atakata waya, na akikata waya mpango utasema ni uharibifu. Lakini kabla ya kurudisha rula kwenye begi aliipima skuta, kwa mazoea tu, akakuta kiti kiko juu kuliko inavyoandikwa kwenye kijitabu. Akasubiri robo saa, akapima tena. Kisha akatazama dirisha la ghorofa ya tatu, akafumba jicho moja.

Kwenye usukani wa skuta kuna kitufe cha kuzungusha cha mwendo. Upande mmoja pamechorwa kobe, upande wa pili sungura. Mama Mizani, ambaye hakuwahi kuwa na haraka ya kufa, aliendesha kwa kobe siku zote.

"Kwa kobe," alisema Fundi, "inapanda sentimita kumi na tano kwa siku. Kwa sungura, arobaini na tano. Dirisha liko mita kumi. Weka sungura mama, tarehe ishirini na nane uko mbele ya karani."

"Na mimi nifanye nini siku zote hizo?"

"Ukae. Ikishapita mita moja huwezi kuipanda tena. Yaani kuipanda wewe. Yenyewe itaendelea."

Mama Mizani alifikiri. Akatazama ngazi, akatazama nafasi ya lifti yenye mafagio, akazungusha kitufe mpaka kwenye sungura.

"Wifi," alisema, "niletee mto, mwavuli, na ile mizani ya kuning'iniza iliyoko zahanati. Waambie mama zao waje nao huku."

Mlinzi aliruhusu chaja ichomekwe kwenye kibanda chake. Kufikia Jumatatu iliyofuata shina la skuta lilikuwa na unene wa paja, jekundu, na Mama Mizani alikuwa juu ya vichwa vya watu. Chakula alipandishiwa kwa ndoo na kamba. Mambo mengine yalipangwa kwa ndoo ya pili, shuka na heshima. Wafanyakazi wa ghorofa ya kwanza walimsalimia asubuhi wakifungua madirisha, na mmoja alimwomba asogee kidogo kwani anamzibia mwanga. Alimjibu kwamba atasogea, awe na subira ya siku mbili.

Kina mama walikuja na watoto wao kama kawaida. Mama Mizani aliishusha mizani kwa kamba, mtoto akawekwa kwenye mfuko wa mizani wenye umbo la suruali, akaning'inia, akalia. Wifi akasoma mshale kwa sauti, na Mama Mizani akaandika kwenye kadi huko juu.

"Kilo sita na nusu!" Wifi alipaza sauti.

"Huyo? Soma vizuri wifi. Mashavu yale peke yake ni kilo mbili."

"Mimi macho yangu mazima. Wewe ndiye uko mbali, unaona watu wadogo siku hizi."

"Nimekua tu, usione wivu."

"Umekua wapi. Umerefuka."

Tarehe kumi na nane, Jumamosi, skuta ilisimama. Mama Mizani aligundua kwa sababu kizingiti cha dirisha la ghorofa ya pili, alichokiona usawa wa goti wakati wa chai, bado kilikuwa usawa wa goti wakati wa chakula cha mchana. Alimpigia Fundi simu. Fundi alisema Jumamosi na Jumapili hatengenezi kitu, hata cha kwake. Alikuja Jumatatu asubuhi, akasimama chini, akaweka viganja mdomoni.

"Umeizima ukaiwasha tena?"

"Nimeizima! Nimeiwasha! Nimeizima!"

"Kuna taa gani kwenye chaja?"

"Chaja iko huko kwenu chini!"

Fundi akafuata waya kwa mkono, taratibu, kutoka kwenye shina, kupitia uani, hadi kwenye kibanda. Mwanzo wa tatizo ndipo mahali ambapo kila fundi hupaangalia mwisho. Plagi ya chaja ilikuwa imelala sakafuni, na mahali pake palichomekwa birika.

"Nilijua imeshiba," alisema mlinzi. "Mbona taa ilikuwa kijani?"

Fundi aliichomeka, akakaa hapo mpaka taa ikawa nyekundu kuonyesha inakula, akaandika kwenye karatasi USICHOMOE na kuibandika ukutani. Siku mbili zilikuwa zimepotea. Alifumba tena jicho moja, akahesabu kwa vidole, akasema itakuwa tarehe thelathini yenyewe, mchana, kama hakuna atakayetaka chai.

Mlinzi alikaa siku kumi bila chai. Hakuna aliyemwomba, na hakumwambia mtu.

Tarehe thelathini saa tisa na dakika arobaini, kiti cha skuta kilifika usawa wa dirisha la ghorofa ya tatu. Ofisi hufungwa saa kumi. Mama Mizani alikuwa amevaa gauni lake la kijani, amechana nywele, na fomu ilikuwa kwenye kikapu cha mbele ndani ya mfuko wa nailoni. Aligonga kioo.

Karani alifungua dirisha.

"Una namba?"

"Namba zinachukuliwa wapi?"

"Mlangoni."

Akamchukulia yeye mwenyewe namba, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Ilikuwa namba ishirini na tisa. Aliita ishirini na saba, hakuna mtu. Akaita ishirini na nane, hakuna mtu. Akaita ishirini na tisa, akamtazama Mama Mizani kana kwamba anaingia.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe nilikupima. Kilo tatu na robo, ulilia mpaka mizani ikatetemeka."

"Asante, mama. Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Haujarudi?"

"Haujarudi."

Karani alichungulia nje kuhakikisha, akaweka alama. Alijaza umri, makazi, kazi, jina la kifaa. Huko chini, Wifi na Fundi walikuwa wamesimama wametazama juu, vinywa wazi kidogo, kama watu wanaosubiri matone. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini na mbili.

"Na leo umefikaje hapa?" aliuliza karani bila kuinua kichwa.

"Nimepanda," alisema Mama Mizani.

Kwenye fomu ile swali la kumi na moja husema: *Mwombaji anaweza kupanda?* Pana visanduku viwili. Karani aliweka alama kwenye cha Ndiyo, akachukua mhuri mwingine, si ule wa duara, na kuugonga mara moja.

"Umegonga nini?"

"Hastahili. Kitambulisho ni kwa wasioweza kufika ghorofa ya tatu bila msaada, mama. Wewe umefika."

"Baba, umenionaje nilivyofika? Nimekaa siku ishirini na nne kwenye kiti! Nimeoteshwa kama mchicha!"

"Ndiyo mama. Lakini umesema umepanda."

"Nilikosea neno. Nilipandishwa. Andika nimepandishwa."

Karani alitazama fomu kwa huzuni ya kweli. "Wino umeshakauka," alisema, akaupuliza kidogo, labda kuthibitisha.

Saa kumi kamili alifunga ofisi. Kwa kuwa Mama Mizani hakuweza kubaki nje ya dirisha na skuta haikujua kushuka, karani na mlinzi walimpitisha dirishani, wakamweka kwenye kiti cha ofisi na kumteremsha kwa ngazi, mmoja mbele mmoja nyuma. Walitumia dakika nne. Wifi aliwasubiri chini akiwa na yale magongo, akawatazama wanaume wawili wanaohema.

"Kumbe inawezekana," alisema.

"Kushusha, ndiyo," alieleza mlinzi. "Kumpandisha mteja hairuhusiwi, akianguka ni kesi. Kuhusu kumshusha hakuna kilichoandikwa."

Watu wa mpango walikuja tarehe mosi na gari la kubebea. Walilizunguka shina mara mbili, wakalitikisa, wakasoma namba ya skuta kwa darubini. Kwenye karatasi yao waliandika kwamba kifaa kimeonekana, kiko katika hali nzuri, na kwamba kimekuwa mali isiyohamishika, hivyo kihesabiwe na jengo. Walimpa Mama Mizani nakala asaini. Alisaini akiwa ameegemea magongo.

Tangu hapo hutoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Siku mbili kwa wiki hukuta hakuna aliyefika na hushika mizani. Siku tatu huikuta imeshikwa, naye hupewa kazi ya kukunja kadi. Mhudumu mpya ni binti hodari, anasoma mshale vizuri, lakini hakumbuki kilo za mtu.

Ofisi haikukaa kimya. Mwezi uliofuata lilibandikwa tangazo chini ya ngazi, limechapwa na kupigwa lamineti: WATEJA WASIOWEZA NGAZI WANAOMBWA KUPANDA MAPEMA, ANGALAU WIKI NNE KABLA YA MIADI. Vigae vitatu zaidi vilibanduliwa, safari hii kwa makusudi, na mlinzi akapewa mpira wa kumwagilia. Siku hizi skuta tatu ziko ukutani, kila moja kwa kimo chake. Fundi huja Jumanne kuangalia chaja. Amenunua ngazi ndefu ya kukunja, na ameacha kushangaa betri zinavyodumu.

Mama Mizani hupumzika hapo akitoka zahanati. Hukaa ngazi ya kwanza, huyalaza magongo, na huzungumza na walioko juu. Aliyekuwa karibu kufika alikuwa dereva wa zamani wa lori, mtu mnene, mguu mmoja, skuta ya bluu.

"Kaka," alimwambia, "ukifika, ukiulizwa umefikaje, usithubutu kusema umepanda."

"Niseme nini?"

"Sema umepandishwa. Litamke lote, usimeze mwisho."

"Nimepandishwa," alisema dereva, akalirudia mara kadhaa, akitazama mbele kama anayefundishwa barabara.

Alifika Alhamisi, saa tano asubuhi, mapema kabisa. Alisema amepandishwa. Karani alimsikia vizuri, akatafuta kisanduku cha neno hilo, hakukipata. Hakutaka kumwonea mtu. Akachukua kalamu, akaandika pembeni kwa mkono, kwa mwandiko mzuri: *Anapandishika.* Kisha akagonga mhuri, tena si ule wa duara.

Wifi ndiye aliyeleta habari zahanati. Mama Mizani alikuwa anakunja kadi. Alikunja mbili tatu zaidi, kona juu ya kona, akilifikiria lile neno kutoka kila upande.

"Waambie wale wawili waliobaki," alisema, "wajaribu kusema wamejikuta tu."